Chakula cha Kuku na Amana ya Dawa



Katika nyumba nyingi za Waswahili wa Riyadh na Jeddah, kuku hakosekani: leo ni pilau, kesho ni kabsa. Wachache hujiuliza kuku huyo alilishwa nini. Hata hivyo, swali hilo linahusu dawa ambayo mtoto wa nyumba hiyo ataihitaji siku atakapougua.

Kwa miaka mingi, wafugaji wa nchi nyingi walichanganya antibiotiki katika chakula cha kuku wazima, si kwa kutibu maradhi bali ili wanenepe upesi. Dozi hizo ndogo huua bakteria dhaifu na kuwaacha walio sugu wazaliane. Bakteria sugu humfikia binadamu kwa njia ya nyama mbichi, mikono na maji machafu. Mwaka 2019, usugu wa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku unenepeshaji huo tangu Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likahimiza uachwe kote, na Novemba 2024 mawaziri wa nchi mbalimbali walikutana Jeddah kujadili usugu wa dawa.

Badala ya antibiotiki, wapo wafugaji wanaotumia bakteria wenye manufaa, ambao huwanyima bakteria waovu nafasi na chakula tumboni mwa kuku. Wengine huongeza vitunguu saumu, mafuta ya zaatari au habasoda. Matokeo hutofautiana, wala viungo hivyo havifidii banda chafu, maji machafu au ukosefu wa chanjo.

Hapa pana makosa mawili ya kuepukwa. Kwanza, kuku aliyelishwa viungo asilia bado aweza kubeba salmonela. Asioshwe chini ya bomba, kwa kuwa maji hurusha vimelea jikoni. Kisu na ubao wake vitengwe na vya kachumbari. Naye apikwe hadi nyuzi 74 za Selsiasi ndani kabisa ya nyama.

Pili, habasoda, pamoja na heshima yake katika nyumba za Waislamu, haichukui nafasi ya antibiotiki aliyoandikiwa mgonjwa. Dawa hiyo inywewe kama daktari alivyoagiza. Mabaki yake asipewe jirani mwenye mafua, kwani mafua huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haviviui. Wala yasifungashwe kupelekewa jamaa Mombasa au Unguja. Mwenye swali apige simu 937 ya Wizara ya Afya.

Mfugaji ana wajibu wake bandani, na familia ina wajibu wake jikoni na kabatini. Dawa inayofaa leo ni amana ya mgonjwa wa kesho, na huenda mgonjwa huyo akawa mtoto wa nyumba hiyo hiyo.