Insha ya Nairobi, Shahada ya Ng'ambo

Mhadhara wa umma kuhusu kanuni za uaminifu wa kitaaluma

Mwanafunzi wa Chicago anapokwenda kulala, Nairobi kumekucha. Akiamka, insha aliyotakiwa kuiandika yeye inamsubiri kwenye barua pepe, imepangwa vizuri, vyanzo vimetajwa, na jina lake liko juu ya ukurasa wa kwanza. Aliyeiandika ni kijana wa Kenya aliyemaliza chuo, akatafuta kazi akakosa, na sasa anaishi kwa kuwaandikia watu asiowajua: leo uuguzi, kesho historia ya Marekani, keshokutwa sheria za mikataba.

Biashara hiyo ina taratibu zake. Oda huja kupitia mtandao wa kampuni ikiwa na mada, idadi ya kurasa, mtindo wa marejeleo na saa ya kukabidhi. Ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa maneno 275. Muda ukiwa mfupi, bei hupanda. Asiye na akaunti yake hukodi ya mwenzake au hupokea kazi kwa dalali, na fedha anayolipa mwanafunzi hupunguzwa kila inapopita mkononi mwa mtu. Septemba 2019 gazeti la The New York Times liliwaeleza wasomaji wake kwa kirefu juu ya waandishi hao wa Kenya. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori, mwanasosholojia mzaliwa wa Kenya anayefundisha Oxford, anawatafuta na kuwasikiliza.

Ni vigumu kumsikiliza mwandishi wa namna hiyo bila kuumia. Anaweza kusoma makala nne za fani asiyoisomea, akazielewa, akajenga hoja, akakabidhi insha kabla ya alfajiri, na mtahini wa chuo kikubwa akampa alama nzuri. Alama hiyo anaichukua mtu mwingine.

Kanuni za vyuo vingi hazikutungwa kwa ajili ya kosa hili. Zilitungwa kumkamata anayenakili: aliyedesa kwa jirani, aliyeingia na mwakenya, yaani kikaratasi cha majibu, kwenye chumba cha mtihani, aliyechukua tasnifu ya kaka aliyehitimu mwaka juzi akabadilisha jalada na ukurasa wa shukrani. Ndiyo maana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huambiwa ataje chanzo, aweke alama za nukuu, asiwasilishe kazi moja kwa walimu wawili. Programu kama Turnitin nayo inafuata njia hiyohiyo, kwa kulinganisha maandishi na hazina kubwa ya maandishi mengine na kuonyesha yanayofanana. Insha ya Nairobi inapita hapo bila doa. Haikunakiliwa popote. Mwenye maneno ameyauza kwa hiari yake, na mnunuzi amelipa.

Basi aliyedhulumiwa ni nani? Ni yule ambaye hakuwepo walipokuwa wakipatana. Ni mgonjwa atakayepimiwa dozi na muuguzi ambaye hesabu zake zilifanywa na mtu mwingine, na ni mwanafunzi wa dawati la pili aliyekesha na kazi yake mwenyewe akapata alama ya kati. Cheti ni ushahidi unaotolewa mbele ya umma, na chuo ndicho shahidi. Kanuni ya uaminifu inayolinda haki ya mwandishi peke yake, ikasahau haki ya anayekitegemea cheti, imelinda nusu ya jambo.

Tatizo halikuanza jana. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Birmingham, Robert Clarke na Thomas Lancaster, walichunguza mtandao ambao watu hutangaza kazi za programu za kompyuta ili wengine wazifanye kwa malipo, wakakuta humo mazoezi ya darasani yametangazwa wazi kabisa. Mwaka 2018 Philip Newton wa Chuo Kikuu cha Swansea alikusanya tafiti 65 zilizowahoji watu 54,514 kwa jumla. Kwa wastani, waliokiri kulipa mtu awafanyie kazi walikuwa asilimia 3.5. Alipotazama sampuli za kuanzia 2014 peke yake, akapata asilimia 15.7. Hao ni waliokiri.

Serikali kadhaa zimejibu kwa sheria. Australia iliamshwa na kashfa ya MyMaster, mtandao wa Kichina uliofichuliwa na waandishi wa habari wa Sydney Novemba 2014 ukiwauzia insha wanafunzi wa vyuo vya New South Wales. Mwaka 2020 ikapitisha sheria yenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 kwa mwenye kuuza huduma hiyo. Uingereza ilifuata Aprili 2022 kwa sheria inayohusu England, ambako kumwandikia mwanafunzi kwa malipo au kutangaza huduma hiyo sasa ni jinai. Sheria zote mbili zinamlenga muuzaji. Mnunuzi ameachiwa chuo chake kimwadhibu. Na kwa kuwa muuzaji yuko maelfu ya kilomita nje ya mamlaka ya mahakama za nchi hizo, kinachoweza kufanyika zaidi ni kuziba tovuti na kukataza matangazo. Tovuti iliyozibwa ni rahisi kufunguliwa upya kwa jina jingine.

Ushahidi wenye manufaa zaidi ulitoka kwingine. Marehemu Tracey Bretag na wenzake waliwauliza wanafunzi 14,086 wa Australia, na mojawapo ya mambo waliyoyaona yakienda pamoja na udanganyifu ni kutoridhika na mazingira ya kufundishwa na kujifunza. Jambo jingine lilikuwa hisia kwamba nafasi za kudanganya ni nyingi. Maana yake ni nzito kwa kila seneti ya chuo inayokaa kuandika kanuni: mwanafunzi hupima kama kuna mtu upande wa pili anayeisoma kazi yake. Akiona hayupo, hana wa kumwonea haya.

Hapo ndipo mhadhara huu unaposimama. Kanuni ya uaminifu haina nguvu kuliko mwalimu anayemfahamu mwanafunzi wake. Mhadhiri aliyemsikia mtu akihoji kwenye semina kwa wiki kumi atashtuka akiletewa kurasa zilizoandikwa kwa sauti nyingine. Mhadhiri mwenye darasa la mamia, ambaye huwajua watu wake kwa namba za usajili, hana cha kumshtua.

Afrika Mashariki imelipata onyo hilo waziwazi. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, na nchi nzima ikauliza: waliowasimamia watahiniwa wote hao ni nani, na walipata wapi muda? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza. Swali la wananchi lilikuwa sahihi hata kabla ya jibu lolote kutolewa, kwa sababu usimamizi hupimwa kwa saa, na saa za msimamizi haziongezeki watahiniwa wanapoongezeka.

Pwani ilikuwa na elimu iliyolielewa hilo zamani. Katika mapokeo ya wanazuoni wa Kiislamu, yaliyostawi pia Lamu kwenye Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, idhini iitwayo ijaza humruhusu mtu kufundisha kitabu baada ya kukisoma mbele ya shekhe wake. Jina la shekhe limo kwenye ijaza, na la aliyemfundisha shekhe vilevile, mlolongo mzima ukirudi nyuma. Anayeitoa anashuhudia alichokisikia kwa masikio yake.

Tangu Novemba 2022 ilipotolewa ChatGPT, mambo yamebadilika kwa kasi. Oda za Nairobi zimepungua, kwani mteja mwenye haraka amepata mashine isiyodai malipo ya ukurasa. Vyuo navyo vimekimbilia programu zinazodai kung'amua maandishi ya akili mnemba, na hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuwa macho. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha 91 zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa za mashine. Kiingereza cha kawaida, chenye msamiati mdogo, kilitosha kumtia mtu hatiani. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilikizima kifaa cha Turnitin cha kazi hiyo. Chuo cha Dodoma, Eldoret au Mbarara kitakachomfukuza mwanafunzi kwa asilimia iliyotolewa na programu kitakuwa kimemdhulumu, hasa yule anayeandika kwa lugha yake ya tatu.

Kilichobaki ni kazi ya zamani ya kumsikiliza mwanafunzi, nayo ina gharama inayohesabika. Darasa la wanafunzi 200, kila mmoja akiulizwa kwa dakika 10 kuhusu insha aliyoiwasilisha (kwa nini alichagua chanzo hiki, hoja ya ukurasa wa tatu ina maana gani, angeibadilisha vipi), linahitaji dakika 2,000, yaani saa 33 na ushei. Wahadhiri wanne wakigawana, kila mmoja ana siku moja na kidogo ya kusikiliza. Mnunuzi wa insha hawezi kumtuma mtu wa Nairobi kwenye kiti cha mahojiano hayo, na aliyeandika mwenyewe kwa Kiingereza cha kusuasua atapata nafasi ya kuonyesha anachokijua, hata kwa Kiswahili pale chuo kinaporuhusu. Saa hizo ziandikwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri na zilipwe, kwenye ukurasa uleule wa kanuni unaoorodhesha adhabu za mwanafunzi.