NENO LA SIRI LIULIZWE KWA LUGHA INAYOELEWEKA

(Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakaazi)



Huduma nyingi ambazo zamani zilipatikana kwenye dirisha la ofisi sasa hupatikana kwa kompyuta na simu. Mlango wa huduma hizo ni swali linalomtaka mtu aandike neno lake la siri. Aghalabu swali hilo ni fupi mno, na ufupi huo huwafungia nje watu wenye haki kamili ya kuingia.

Na achukuliwe, kwa mfano, mstaafu wa Shirimatunda, katika Manispaa ya Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Nyumbani husema Kichaga, sokoni na ofisini husema Kiswahili, na Kiingereza alikiacha shuleni. Anafika kwenye duka la kompyuta kufuatilia haki yake. Kioo kinamtaka kwa Kiingereza aandike neno la siri. Anabonyeza, haoni herufi bali vitone tu. Anadhani mashine ni mbovu, anabonyeza tena. Baada ya kukosea mara kadhaa anafungiwa, wala haambiwi kwa muda gani. Mwisho anampa kijana wa dukani siri yake amwandikie. Tangu saa hiyo siri si siri tena. Mzee huyo hakuwa mzembe, ila kioo hakikumweleza. Hali kama hiyo yaweza kumfika mkaazi wa Unguja au Pemba, kwani kioo ni kile kile.

Wala haifai kusemwa kwamba Kiswahili hakina maneno. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, watu wasiowahi kugusa kompyuta walijifunza maana ya "namba ya siri". Tatizo ni kwamba kitu kimoja huitwa neno la siri, nenosiri, nywila au paswedi, na mara nyingine majina mawili hukutana katika ukurasa mmoja. Msomaji hudhani anaulizwa vitu viwili. Ofisi ichague jina moja, ilishike mwanzo hadi mwisho.

Swali lililo wazi hutimiza mambo haya:

1. Hutaja siri inayotakiwa ni ya huduma ipi, ili mtu asiandike ile ya simu au ya benki.

2. Hueleza umbo lake: ni tarakimu nne, au ni herufi nane na zaidi, na kwamba herufi kubwa na ndogo hazihesabiwi kuwa sawa.

3. Hutanabahisha kwamba herufi hazitaonekana, na kwamba hilo si hitilafu.

4. Husema "andika tena neno lile lile" badala ya "thibitisha", kwani wengi hufahamu kwamba kuthibitisha ni kazi ya afisa.

5. Mtu akikosea, humwambia amebakiwa na nafasi ngapi, na akisahau aende wapi.

Baadhi ya mafundi huhofu kwamba maelezo mengi humsaidia mwizi. Hoja hiyo ina ukweli kwa sehemu. Si vyema mashine iseme kwamba jina ni sahihi na siri ndiyo iliyokosewa, maana mwizi atajua amefika nusu ya njia. Lakini yaweza kusema kwa Kiswahili fasaha: "Jina na neno la siri havilingani. Jaribu tena." Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika muongozo wake wa mwaka 2017, ilishauri mtumiaji apewe nafasi ya kuona anachoandika, na asilazimishwe kubadili neno la siri kila baada ya muda bila ya sababu. Anayelazimishwa mara kwa mara huishia kuchagua maneno mepesi.

Kila ofisi, kabla ya kuweka ukurasa hadharani, imwite tarishi, mkunga au mstaafu, aketi mbele ya kioo bila ya kuelekezwa. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebishwa. Jaribio hilo halina gharama kubwa, nalo hufichua mengi ambayo fundi, kwa kuzoea, hayaoni.

Kwa upande wa wananchi, neno la siri ni amana isiyopokezanwa. Asipewe wakala, jamaa wala afisa, na anayelidai kwa simu asijibiwe. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini sheria hiyo haitamfaa sana mtu ambaye swali lenyewe limemlazimisha kuitoa siri yake. Ulinzi wa raia huyo huanza kwa sentensi anayoweza kuisoma na kuifahamu.