Mahindi Ndani ya Gunia Bado Yanapumua

(Hotuba ya afisa wa kilimo kwa wakulima wa Myanga)



Ukiingiza mkono katikati ya gunia la mahindi ambayo hayakukauka vizuri, utasikia joto. Joto hilo halikutoka juani. Linatoka ndani ya punje zenyewe.

Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba kiumbe hai hupumua, hula, hukua, huzaana, husonga, huhisi na hutoa taka. Ukiitazama punje, hufanyi shaka kwamba imekufa. Lakini iloweke, na baada ya siku chache itachipuka. Ilikuwa hai, imelala tu. Wanga wake ni akiba ya sukari iliyoungana kama mnyororo, na sukari hiyo imeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Punje inapopumua huvunja mnyororo huo kidogo kidogo, ikatumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Ndivyo miili yetu inavyopata nguvu kutoka kwa ugali.

Punje kavu hupumua polepole mno. Punje yenye maji mengi hupumua mbio, na maji inayotoa huilowesha jirani yake, naye akaanza mbio. Fukusi naye anapumua humo humo.

Hapo ndipo ukungu unapoamka. Uko unaoitwa Aspergillus flavus, ambao hutengeneza sumu ya aflatoksini inayoharibu ini. Mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125 katika nchi yetu, wengi wao Makueni na Kitui. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shambani mwao wenyewe. Kuna wanaosema ugali ukiiva sana sumu inaisha. Haiishi. Ukungu ni kiumbe hai, utakufa kwenye sufuria. Sumu si kiumbe, inabaki. Wala msimpe ng'ombe wa maziwa mahindi yaliyooza, kwa maana sumu hupitia kwenye maziwa hadi kwa mtoto.

Najua tunavuna mwezi wa nane mvua ikiwa bado inanyesha. Hata hivyo, anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini yake. Kama huna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, bado anika siku moja zaidi, kwa sababu chupa haiwezi kukuonyesha tofauti ya 15 na 13.5.

Wenye mifuko isiyopitisha hewa, tieni mahindi makavu peke yake. Ndani yake oksijeni hupungua mpaka fukusi hufa bila dawa. Lakini ukifungua kila jioni kuchota gorogoro moja, unamletea hewa. Wekeni ya kula kando.