Baiskeli ya Kawaida au ya Umeme: Gharama Kubwa Imo Katika Betri



Wakazi wengi wa Dar es Salaam, waliochoshwa na foleni na daladala zinazofika kituoni zikiwa zimekwisha kujaa, hutuuliza kama ni heri kununua baiskeli ya kawaida au ya umeme kwa safari ya kwenda kazini. Leo nitajaribu kulijibu swali hilo kwa hesabu, kwa kuwa chombo hiki huweza kumgharimu mnunuzi akiba ya miezi mingi.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Baiskeli ya umeme ninayoizungumzia ina pedali, mnyororo na breki kama nyingine yoyote, ila imeongezewa mota, betri na kihisio kinachotambua kwamba unakanyaga. Ukikanyaga, mota hukusaidia. Ukiacha, nayo huacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chombo cha aina hii huhesabiwa kuwa baiskeli iwapo mota yake haizidi wati 250, na iwapo msaada wake hukoma mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Chombo kinachokwenda kwa kuzungusha mshikio wa usukani tu, bila kukanyaga, kinakaribiana zaidi na pikipiki. Kabla ya kukinunua, mtake muuzaji akueleze kwa maandishi kama kinahitaji usajili, leseni na bima.

Sasa tutazame safari yenyewe. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida aweza kudumisha nguvu ya wati 75 hadi 100 kwa muda wa saa moja. Katika barabara tambarare, nguvu hiyo humpeleka kwa mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Kwa anayetoka Magomeni kwenda Kariakoo, safari isiyozidi kilomita 5, baiskeli ya kawaida yatosha kabisa. Mota ingempunguzia dakika chache tu. Hali ni tofauti kwa anayetoka Kimara kwenda Posta. Huyo husafiri zaidi ya kilomita 12, na jioni, akiwa amechoka, hulazimika kupanda kutoka bonde la Jangwani kuelekea Ubungo na Kimara. Hapo mota huonyesha thamani yake, hasa kwa mtu ambaye kazi yake humtaka afike akiwa hajalowa jasho.

Hata hivyo, msaada huo una uzito wake. Baiskeli ya kawaida huwa na kilo 15 hadi 20, ilhali ya umeme mara nyingi huwa na kilo 20 hadi 30. Betri ikiisha njiani, uzito wote huo hubaki juu ya miguu yako. Anayeishi ghorofani bila lifti, au anayelazimika kuisukuma kwenye mchanga hadi afike barabara ya lami, alifikirie jambo hilo mapema. Uzito na mwendo huo pia hulisha breki, mnyororo na matairi haraka zaidi. Tena, pancha na spoku hutengenezwa na fundi wa mtaa wowote, lakini si kila fundi anayeijua mota.

Nakuja sasa kwenye gharama. Wauzaji hupenda kutaja bei ya umeme, na ni kweli kwamba umeme wenyewe ni kitu kidogo. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360. Ukijumlisha kinachopotea katika chaja, kuijaza hutumia takribani uniti 0.4 za LUKU. Tuseme uniti moja ni shilingi 360: kujaza betri mara moja ni shilingi 144. Ikikupeleka kilomita 25, kila kilomita imekugharimu chini ya shilingi 6.

Gharama isiyotajwa ni ya betri kuchakaa. Betri za lithiamu hupungua uwezo kila zinapojazwa na kutumiwa, na joto huharakisha uchakavu huo. Tuchukue mfano wa betri ya shilingi 450,000 itakayofaa kwa kujazwa mara 600. Itakuwa imekwenda kilomita 15,000, na kila kilomita itakuwa imekula shilingi 30. Kwa safari ya kilomita 20 kwa siku, umeme utagharimu shilingi 115 hivi, na betri shilingi 600. Bei halisi zitatofautiana, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo: gawa bei ya betri mpya kwa kilomita zote utakazozipata kutoka kwayo. Asiyeiweka kando fedha hiyo kila mwezi atajikuta, baada ya miaka michache, na baiskeli nzito isiyo na msaada wowote.

Liko jambo zito kuliko fedha. Betri ya lithiamu iliyoundwa vibaya, iliyopondeka au kujazwa kwa chaja isiyo yake yaweza kuwaka ghafla, na moto wake huenea kwa kasi. Katika jiji la New York, mwaka 2023, watu 18 walipoteza maisha katika mioto iliyotokana na betri za aina hiyo, na jiji likapiga marufuku uuzaji wa baiskeli za umeme na betri zisizothibitishwa usalama. Kwa hiyo, tumia chaja iliyokuja na betri yako. Usiijaze mkiwa mmelala, wala usiiweke mlangoni au kwenye ujia mnaoutegemea kutokea. Iache ipoe baada ya safari ya juani kabla ya kuijaza. Ikivimba, ikitoa harufu au ikianguka kwa kishindo, usiitumie tena, wala usimruhusu fundi aifungue ili abadilishe seli. Moto ukitokea, tokeni nje kwanza, kisha pigeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kulipa, uliza maswali manne: Betri imethibitishwa kwa kiwango gani cha usalama, na alama yake iko wapi? Dhamana ya betri ni ya muda gani, na imeandikwa? Betri ya akiba inapatikana nchini, na kwa bei gani leo? Nani ataitengeneza mota? Majibu yaandikwe kwenye risiti au hati ya dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na maandishi ndiyo yatakayokusaidia ukiwa na malalamiko.

Ushauri wetu, basi, ni huu. Ikiwa safari yako ni fupi na njia ni tambarare, nunua baiskeli ya kawaida iliyo imara. Ikiwa ni ndefu au ina vilima, baiskeli ya umeme yaweza kukufaa, mradi muuzaji amekujibu maswali hayo manne na wewe umekwisha kuihesabu betri ya pili.