Machicha ya Rubisi na Kilimo cha Uyoga



Kila tukamuapo ndizi na kuzichachusha kwa mtama uliokaangwa, machicha hutupwa nyuma ya nyumba. Yafaa tujue ya kwamba machicha hayo huotesha uyoga uitwao mamama.

Katakateni majani makavu ya migomba. Kwa vikapu 9 vya majani, tieni kikapu 1 tu cha machicha, kwani yakizidi huleta ukungu wa kijani. Chemsheni kwa muda wa saa moja, chujeni, mkaache yapoe. Kisha jazeni mfukoni pamoja na mbegu safi iliyonunuliwa, mkauweke gizani majuma 3 au 4. Mfuko ukiwa mweupe wote, toboeni matundu, mwupe hewa na kuunyunyizia maji.

Lakini msiokote uyoga wa porini msioujua, kwani uko unaoua, wala kupikwa hakuondoi sumu yake.

Mkiisha kuvuna, rudisheni mabaki migombani yawe mbolea. Rubisi ni ya watu wazima; uyoga ni kitoweo cha nyumba nzima, hata watoto.