Chupa ya Kinyama: Kwa Nini Saratani za Matiti Hazina Hatima Moja

Mada kwa semina ya watumishi wa afya, Mang'ula



Nimeombwa nieleze kwa nini wanawake wawili wa umri mmoja, wenye uvimbe wa ukubwa mmoja, huanza matibabu pamoja, kisha mmoja akaishi miaka 20 na mwenzake asimalize miwili. Nitakayosema ni maoni yangu ya kitaalamu, si msimamo wa mwajiri wangu.

Ya msingi mnayajua, nitayapitia haraka. Saratani vamizi ni ile iliyotoboa ukuta wa mirija au vifuko vya maziwa ikaingia kwenye nyama ya jirani. Nyingi, kama saba au nane kati ya kumi, ni zile za kawaida za mirija. Ya vifuko hutambaa kwa mistari myembamba bila kufanya donge, ndiyo maana mkono huikosa. Ya ute kwa kawaida ni pole. Ile inayovimbisha titi zima likawa jekundu, tukadhani ni jipu, ni kali mno. Hatua ya ugonjwa na daraja la ukali wa seli pia mnavijua.

Kinachoamua dawa ni vipokezi. Seli zenye vipokezi vya estrojeni hustawi kwa homoni, homoni hizo zikizuiwa, seli hudhoofu. Tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni hiyo, ikimezwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya aina hii kwa karibu theluthi moja, ingawa ugonjwa waweza kurudi hata baada ya miaka 10 au 15. Zenye protini ya HER2 kwa wingi ziliogopwa sana hadi ilipopatikana trastuzumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Zisizo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2 ya kutosha hukua kwa kasi na hurudi zaidi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo. Hizo hutegemea hasa upasuaji, kemotherapia na mionzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelisemea vikaoni kwa miaka mingi. Kipimo cha vipokezi hakiwezi kusoma nyama iliyooza. Kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachotolewa kwa ajili ya kipimo, kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kitolewe mwilini, fomalini iwe mara kumi ya ujazo wake, kikae humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Tunachopokea maabara ni kitu kingine. Titi zima limesukumwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba, fomalini imelowesha chini tu. Ukilikata, nje pameshika rangi ya kijivu, ndani bado pekundu, panateleza na kunuka, kwa sababu fomalini hupenya taratibu na hakuna aliyelichanja. Vingine huletwa kwenye maji ya chumvi. Vingine vimesubiri wiki mbili ndugu wapate nauli ya basi la Dar es Salaam. Jina limeandikwa kwenye kifuniko. Vifuniko vikishafunguliwa mezani, nani atajua chupa ni ya nani?

Simlaumu mtu wala kituo. Lakini ubaya wa kinyama kilichoharibika ni kwamba kinaweza kutoa jibu, tena la uongo: kipokezi cha estrojeni kilikuwapo, kipimo kinasema hakipo. Uchambuzi wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vinyama vilivyokusanywa kwa utaratibu uliopangwa vilikuwa na kipokezi hicho mara nyingi zaidi kuliko vile vya akiba ya zamani. Wengi wa mama zetu wanacho. Mama wa kijiji cha Mkula au Sanje anayenyimwa tamoksifeni kwa jibu hilo la uongo amenyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho angekimeza nyumbani kwake, na kwenye faili ataandikwa kwamba saratani yake ilikuwa ya aina mbaya. Hilo linaniuma.

Mapendekezo. Kwanza, kila chumba cha upasuaji kiwe na fomalini iliyochanganywa tayari na vyombo vya mdomo mpana, na Halmashauri iviingize kwenye bajeti badala ya kumtuma ndugu akanunue. Pili, saa ya kutoa kinyama na saa ya kukitia kwenye fomalini ziandikwe kwenye fomu. Fomu isiyo nazo irudishwe. Tatu, titi zima lichanjwe vipande vya sentimita moja kabla ya kulowekwa. Nne, jina liandikwe kwenye chupa, kamwe si kwenye kifuniko. Tano, usafirishaji uwe kazi ya kituo, kwa siku maalumu za wiki, ili saa 72 zisipite; narudia, isiwe kazi ya ndugu. Sita, jibu la "hakuna kipokezi" kutoka kwenye kinyama kilichochelewa litiliwe shaka, na daktari aombe kipimo kirudiwe kabla ya kumnyima mama kidonge. Saba, titi jekundu lisilopona kwa antibayotiki ndani ya wiki mbili lipewe rufaa ya hospitali ya Ifakara bila kubadilisha antibayotiki tena. Nane, wahudumu ngazi ya jamii wapewe orodha ya akina mama wanaotumia tamoksifeni, wawapitie kila mwezi na kuuliza vidonge vimebaki vingapi.

La tisa linahusu fedha, naliacha kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri: la kwanza na la tano yapangiwe kifungu chake kwenye bajeti ijayo.