Daktari Asiye na Wodi

Kambi ya Barafu, Kilimanjaro, iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari. Mpandaji anayeyumba huko kama mlevi, akashindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Mashine ya kupiga picha ya kichwa haipo. Kuna tochi, oksijeni ikiwepo, dawa ya deksamethasoni, na uamuzi mmoja: ateremshwe sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku.

Uamuzi huo una shule yake. Marekani kuna Wilderness Medical Society, chama kilichoanzishwa 1983, kinachotoa miongozo ya tiba za porini na milimani. Ipo pia stashahada ya kimataifa ya tiba ya milimani, ambayo viwango vyake vilikubaliwa 1997. Sehemu ya masomo yake hufanyika mlimani penyewe, kamba kiunoni. Sharti hilo nalipenda. Daktari akiteleza, timu ina wagonjwa wawili.

Kilimanjaro, lakini, anayeona dalili za kwanza mara nyingi ni mwongozaji au mpagazi. Mimi ningeanza kuwafundisha hao, kwa Kiswahili, kabla ya msimu wa kupanda wa Julai.